Magauni Sita ya Wapambe Ndani ya Koti Moja

Heshima yangu imeishia leo saa nne asubuhi, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mbele ya foleni ya watu kama mia. Nilipoamka nilikuwa nayo. Saa tano sikuwa nayo tena.

Nawaandikia nyote wa kamati ya harusi ya mdogo wangu Neema, maana Jumamosi mtakuwa kanisani na kuna kazi nataka mnifanyie. Msikimbilie chini kuisoma. Mkikimbilia chini mtacheka kabla ya kunihurumia, na mimi leo nataka huruma kwanza. (Nawajua. Hasa wewe Jofrey, unayefungua barua pepe kazini huku unajifanya unaandika ripoti.)

Aliyeniponza ni jua.

Mnakumbuka mlivyonitisha kabla sijaondoka Dar. Mwezi wa kwanza China, mlisema, utarudi umekauka kama dagaa. Shangazi akaniazima koti la marehemu mumewe, lile alilorudi nalo kutoka masomoni Urusi. Koti la kijivu, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, zito kuliko mimi. Ukilivaa unaonekana kama kabati linalotembea. Nikalibeba kwa shukrani, nikafika hapa, nikakuta jua linawaka.

Na si jua la kuonyesha tu. Ni jua la kazi. Wiki mbili na nusu hakuna tone la mvua, mbingu buluu, watu wanatembea na shati moja katikati ya kipupwe chao. Wenyeji wenyewe wanashangaa. Ukifua saa mbili, saa tano nguo imekauka. Hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Nimemaliza kopo zima la mafuta ya mgando. Kwenye nyumba ya wageni ninayofikia, kila mtu amepandisha paani magodoro na mablanketi yake yaote jua, na katikati wameanika bata waliobanwa bapa pamoja na soseji zao za nguruwe, maana wanasema upepo huu mkavu ndio wa kukaushia nyama.

Mimi nilikuwa nashinda palepale paani. Bukta, kaushi, kigoda, mfuko wa machenza. Mzigo wa duka ulishaingia kwenye kontena, sina mbio. Wazee wawili wa jirani walikuwa wanaleta ndege wao kwenye vizimba, wanaketi karibu yangu, wananipa chai, hatuelewani hata neno moja na tunafurahi. Ndiyo, mimi ndiye niliyewaandikia wiki iliyopita kwamba huku ni kama Morogoro mwezi wa saba na kwamba anayeogopa China mwezi wa kwanza ni mshamba. Maneno yale nayafuta.

Sasa, mimi kukaa paani nakula machenza haikumaanisha nilikuwa nimetulia moyoni. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja: magauni ya wapambe.

Magauni sita ya satini, rangi ya damu ya mzee. Mnaijua hiyo rangi, mliichagua nyie wenyewe baada ya vikao vitatu na ugomvi mmoja. Na mnajua ni nani alisimama kikaoni akasema, "Ya nini kuhangaika na mafundi wa hapa wakati mimi naenda kwenye shina la nguo?" Hakuna aliyenituma. Kiherehere changu tu. Neema akaniamini. Baba hayupo, mimi ndiye kaka mkubwa, akaniamini mpaka akakataa ofa ya fundi wa Magomeni. Wiki iliyopita aliniambia kwenye simu, "Kaka, mimi sina mpango wa pili. Magauni yasipofika, wapambe wangu wataingia kanisani na sare za kazini." Mmoja wao ni mhudumu wa sheli. Sikulala vizuri.

Nilipeleka kazi Kangle, kile kijiji cha cherehani kilichobanana na masoko ya vitambaa. Unapita kwenye kichochoro, kila mlango mtu anashona. Laoban wangu, yaani bosi wa karakana, ni mwanamama mmoja mchangamfu anayesema "kesho" akiwa anatabasamu. Mafundi wake walikuwa wanafunga mizigo kwenda kwao kwa ajili ya mwaka mpya wao. Kila nikienda, kesho. Jana jioni ndiyo akanikabidhi. Nisiseme uongo, mwanamama yule anajua kazi. Mikono ya puto iliyojaa kama maandazi, neti ngumu chini ya sketi, fundo kubwa mgongoni. Nilibana kikaratasi chenye jina la kila mpambe kwa pini, yasichanganyike, nikarudi nyumba ya wageni naimba.

Nikafika, nikapima begi.

Begi lilikuwa limeshajaa. Gauni la Neema lenye mkia, shela, viatu pea saba, maua ya plastiki na riboni nilizonunua mtaa wa maduka wa Yide Lu, suti yangu ya kumsindikizia bibi harusi. Kilo ishirini kamili, na ndege za kipindi hiki hazitaki hata gramu ya nyongeza. Nilipiga simu ofisi ya ndege. Dada akasema neno moja la kwao ambalo kila mfanyabiashara hulijua siku ya kwanza: "Meiyou." Hakuna. Ndege imejaa watu, imejaa mizigo, hata ulie.

Hapo ndipo akaingia Bi Shani.

Bi Shani ni mama wa Kiunguja, ana duka lake Darajani, na sote tulioanza kuja huku juzi juzi yeye ndiye mwalimu wetu. Alikuwa chumba cha pili, anaondoka ndege ileile. (Paani hakuwahi kupanda, kwa sababu ya zile soseji.) Alinikuta nimekaa sakafuni nimekumbatia magauni.

"We mwanangu umefiwa?"

Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mbuzi.

"Sasa hilo nalo la kukutoa machozi? Mzigo usioingia kwenye begi huvaliwa. Mwaka juzi mie nilivaa suruali za jinzi nne na majaketi matatu, nikapita kaunta kama mwali."

"Bi Shani, haya ni magauni. Mimi ni mwanamume."

"Na koti lako lile la babu, limeandikwa ndani mna nini? Kwenye baridi mtu akivimba nani atamuuliza?"

Nikaona amesema kweli. Kwenye baridi nani atamuuliza. Tukakubaliana, tukapongezana, tukala machenza. Watu wazima wawili, wafanyabiashara wa kimataifa, na hakuna aliyekumbuka jua.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikaanza kuvaa. Bi Shani alisimama nje, ameupa mlango kisogo, ananielekeza kwa sauti. Mnajua mwili wangu, mimi ni ufito. Na mnawajua wapambe wa Neema, Mungu amewajalia. Kwa hiyo magauni yalinipita vizuri kupita nilivyotarajia. Jembamba kuliko yote lilikuwa la Anita, binti wa Mzee Kileo, nikalitanguliza, lile lililogusa ngozi. Juu yake la pili, la tatu, la nne, la tano. La sita nikalizungushia kiunoni kama mkanda. Mikono ya puto ilipolundikana nikapata mabega ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nilijitazama kwenye kioo, na kwa dakika moja hivi nilijipenda.

Koti likafunga vifungo vitatu kati ya saba.

"Umependeza?" Bi Shani akauliza.

"Siwezi kukunja mikono."

"Hapo sawa. Twende."

Nikashika kitasa cha mlango, nikapigwa shoti.

Sikujua hili, nawaambia nyie mjue. Satini juu ya satini, neti juu ya neti, hewa kavu ya wiki mbili na nusu bila mvua: mtu anageuka betri. Kila nikipiga hatua, ndani ya koti kunalia kama mahindi yanayokaangwa. Nikashika reli ya ngazi, shoti. Nikashika mlango wa teksi, shoti, na cheche nimeiona kwa macho yangu. Dereva alikuwa amevaa kaushi. Amefungua madirisha yote. Akanitazama mimi, akatazama jua, akanitazama tena, akasogeza kiti chake mbele.

Ndani ya teksi ndipo nilipogundua kwamba satini haina tundu hata moja. Joto linaingia na halitoki. Tulipofika njia ya uwanjani jasho lilikuwa limeshapita gauni la Anita linaelekea la pili. Bi Shani kakaa pembeni yangu na buibui lake, na chini ya buibui naapa kulikuwa na duka zima, maana alipoketi teksi iliinama. Lakini uso wake mkavu. Hana hata tone. Anajipepea na pasipoti taratibu.

"Usiwaze joto," akaniambia. "Ukiliwaza ndiyo linakuja."

Nikawaza mambo mengine. Nikamuwaza Neema.

Tukafika, tukaingia foleni. Watu wote wamevaa vishati. Mimi nimesimama katikati yao na koti la Urusi, mabega ya mnyanyua vyuma, nachuruzika. Na kabla sijatafuta ukuta wa kujificha, nikasikia Kiswahili nyuma yangu.

"Mkwe, kumbe tuko pamoja?"

Mzee Kileo. Kwa wasiomjua, huyu ni baba mdogo wa bwana harusi, muuza redio wa Moshi, alikuja huku kwa biashara zake na anawahi harusi hiyohiyo. Na kwa mliokuwepo siku ya mahari, mnakumbuka mimi nilikuwa msemaji wa upande wetu. Mnakumbuka nilimtoza faini huyu mzee, kreti mbili za soda, kwa kuingia sebuleni kwetu na kofia kichwani. Mnakumbuka nilivyokohoa kabla ya kutamka. Nilikuwa mkali kweli siku ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanyoosha mkono. Ningefanyaje? Mkwe kakupa mkono. Nikaushika. Pah.

Mzee akaruka nyuma, akautazama mkono wake, akanitazama mimi. "Una nini mwilini?"

"Ni hewa, mzee. Kavu."

"Na mbona umevimba? Na mbona una koti kwenye jua hili?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mkwe ni ndugu, mzigo ni wa harusi yake pia, mtoto wake ni mpambe. Angeelewa. Lakini nilikumbuka ile kofia, nikaona siwezi kumwambia mzee yule kwamba nimevaa gauni. Nikasema kile ambacho Mtanzania yeyote husema akikosa la kusema.

"Malaria, mzee. Malaria kidogo. Nasikia baridi."

"Pole sana. Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

Yakaisha. Kwetu malaria ni kama kuulizwa habari za nyumbani, unajibu, unapewa pole, maisha yanaendelea. Bi Shani akanikonyeza. Nikajiona mjanja.

Foleni ikasogea polepole. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye vioo vikubwa, kule mbele nikaanza kuona kaunta mbili, kisha nne. Bi Shani akatangulia, akapita kama alivyosema, kama mwali. Ikafika zamu yangu. Begi likapanda mzani: ishirini kamili. Dada wa kaunta akatabasamu. Nikampa pasipoti, vidole vyetu vikagusana, shoti. Akapiga kelele, pasipoti ikaruka. Nikainama kuiokota.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu aliyevaa magauni matano na mkanda wa la sita hainami. Damu yote ilipanda kichwani, halafu ikaamua kwenda kwingine. Kitu cha mwisho nilichokiona ni viatu vya Mzee Kileo. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Nilipofumbua macho nimelazwa chali juu ya kitoroli cha mizigo, palepale mbele ya kaunta, na foleni nzima imenizunguka. Dada wa kaunta anauliza kwa Kiingereza huyu ana nini. Na Mzee Kileo, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sauti ya mtu anayetaka kuokoa maisha ya mkwe wake, akamjibu:

"Malaria. He has malaria."

Njia ya mwongo fupi, jamani, lakini sikujua ni fupi kiasi kile.

Huku, neno lile halipewi pole. Dada alirudi nyuma hatua tatu. Watu waliokuwa karibu wakawa mbali. Ikapigwa simu, ikapulizwa firimbi, sijui ya nini, akaja daktari wa uwanja na nesi wake, wamevaa vitambaa vya kufunika pua. Nikajaribu kusema si malaria, ni joto tu. Daktari akanitia kipimajoto mdomoni ili ninyamaze. Akakitoa, akakisoma, akamwonyesha nesi. Nesi akasema kitu. Bi Shani, ambaye Kichina chake ni cha sokoni lakini kinatosha, akanitafsiria:

"Anasema unachemka. Wanataka kukufungua koti upate hewa."

"Bi Shani, wazuie."

"Nitawazuiaje, mwanangu? Nina yangu huku."

Nesi akafungua kifungo cha kwanza. Kifungo cha pili hakikusubiri, kiliruka chenyewe. Cha tatu sijui kilienda wapi. Neti ya magauni matano, iliyobanwa tangu alfajiri, ikafumuka kwa mkupuo mmoja na ule mlio wa mahindi, na satini ya damu ya mzee ikamwagika kitoroli chote mpaka chini.

Shingo zikageuka. Uwanja mzima.

Halafu mama mmoja wa Kikongo kwenye foleni, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Ee Mungu, ni bibi harusi."

Ningefurahi kama ingeishia hapo. Haikuishia hapo. Daktari alitaka mwili, na mwili ulikuwa mbali. Nesi akalifungua lile la kiunoni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yi." Nesi akavuta la pili kichwani mwangu, wakasema watu watano, "Er." Nikaelewa wanahesabu. La tatu ilikuwa foleni nzima, wazee kwa watoto, "San!" La nne, la tano. Walipofika la tano walishaanza kupiga makofi. Mimi mikono juu kama mtoto anayevuliwa sare ya shule, nywele zimesimama zote kwa shoti. Likabaki la mwisho, la Anita. Hilo halikutoka kirahisi maana lilikuwa limelowa, limenishika kama ngozi. Nesi akavuta huku, daktari akavuta huku. Likatoka. "Liu!" Makofi.

Nikabaki na bukta na soksi za sufu. Ile bukta ya paani, yenye doa la chenza.

Mzee Kileo aliinama, akaliokota lile gauni lililolowa. Kikaratasi cha jina kilikuwa bado kipo na pini yake, wino umevuja lakini unasomeka. Akakisogeza mbali na macho kama wazee wanavyosoma. Akasoma. Akalikunja gauni taratibu.

"Mkwe."

"Naam mzee."

"Hili ni gauni la Anita wangu?"

"Ndiyo mzee."

"Na malaria iko wapi?"

"Haipo mzee."

Hakucheka. Angecheka ningepona. Akavua kofia yake, akaishika mkononi, akasema, "Siku ile ulinitoza kreti mbili kwa hii kofia. Sasa hili la leo linatozwa nini?"

"Sijui mzee."

"Hata mimi sijui. Itabidi ukoo ukae."

Nilitamani ardhi inimeze. Marumaru ya uwanja ule ni ngumu, haikunimeza.

Nilimweleza yote pale pale, nikiwa kwenye kitoroli, nimejifunika koti. Karakana, begi, kilo, Neema, sare za sheli. Ukweli wote ambao ningeusema dakika arobaini kabla nikiwa nimevaa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Daktari naye akamaliza yake: Bi Shani akatafsiri kwamba ukishataja malaria mbele ya daktari, huwezi kuifuta kwa mdomo. Lazima damu ipimwe, majibu kesho, na bila majibu hakuna kupanda ndege. Nikasema basi kesho. Dada wa kaunta, akiwa bado mbali, akatazama mashine yake. Kesho meiyou. Keshokutwa meiyou. Nafasi ya kwanza ni Jumanne.

Harusi ni Jumamosi.

Hapo sikuona tena aibu, niliona uchungu. Nilimwahidi Neema magauni, lakini pia mimi ndiye niliyepangwa kumshika mkono kutoka mlangoni mpaka altareni. Machozi yalinitoka, na kwa jinsi nilivyolowa hakuna aliyejua yapi ni machozi.

Mzee Kileo hakunipa pole. Alipiga magoti mbele ya begi lake, akalifungua, akatoa blanketi la umeme alilomnunulia mama yake, akanirushia. Pale lilipokuwa akapanga magauni manne, akayabana na goti, akafunga. Mawili yaliyobaki Bi Shani akayachukua. Sikuona aliyaweka wapi. Aliingia chooni, akatoka, na buibui limeongezeka kidogo tu. Begi langu kubwa likaandikwa jina la mzee, la kwake akaingia nalo mkononi. Likapita.

"Mzee, nisitirie," nikamwambia.

"Nitakusitiri kwa ajili ya Anita," akasema. "Binti yangu akijua aliyemtangulia kwenye hilo gauni, halivai." Akaenda. Bi Shani yeye hakuahidi chochote. Nilimsikia akicheka mpaka ukaguzi wa pasipoti.

Nimempigia simu Neema saa nane. Swali la kwanza: "Kaka, magauni?" Nikamwambia yako angani, yanafika Ijumaa alfajiri. Alipiga kigelegele nikaweka simu mbali na sikio. Kisha akauliza mimi natua saa ngapi. Nikamwambia nimebaki. Akalia. Akauliza kwa nini, na mimi, mbele za Mungu, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Malaria kidogo." Akaacha kulia hapohapo. "Pole kaka, meza dawa, baba yetu mdogo atanishika mkono." Akaniamini tena, maskini. Inaniuma, siwafichi. Nimekaa kwenye duka hili la intaneti, nje jua linawaka vilevile, watu wanakula barafu mwezi wa kwanza, na nimeanza kulichukia.

Sasa kazi yenyewe. Magauni yale yanatua Dar Ijumaa alfajiri, yamekunjwa yakiwa mabichi, na yamekaa siku moja na nusu ndani ya begi la Mzee Kileo na mahali nisipopajua pa Bi Shani. Jasho langu mnalijua, tumecheza mpira pamoja. Jioni ya Ijumaa wapambe wanakuja kuyajaribu. Kwa hiyo mna mchana mmoja. Jofrey, wewe una pikapu: kampokee mzee uwanjani, chukua yote sita, yafueni kwa maji ya baridi na sabuni ya maji, msikamue, anikeni kivulini. La Anita fueni mara mbili. Tafadhali fueni mara tatu.

Na Jumamosi, wapambe watakapoingia kanisani wawili wawili, naomba mtu asicheke. Nimeshindwa kuwepo, angalau msininyime hilo. Neema akiwakuta Ijumaa na mabeseni, akauliza kwa nini mnafua nguo mpya ambazo hata hazijavaliwa, mwambieni ndiyo mila ya Wachina.